Fundi wa Ngoma Naye Ana Jina

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Kabla hujakimbilia ukurasa wa vichekesho, hebu nikuulize jambo. Nitajie waimbaji watano wa nyimbo zinazochezwa kwenye matatu za kwenu. Umewataja kabla sijameza mate. Haya, sasa nitajie watu watano waliorekodi nyimbo hizo, au waliofunga spika za matatu hiyo hata ukawa unausikia muziki mbavuni badala ya masikioni. Kimya! Kimya kama maji ya mtungini.

Hapo ndipo pana hoja yangu, na niko tayari kuitetea mbele ya yeyote katika mjadala wa Ijumaa. Nasema kwamba kazi za nyuma ya pazia katika muziki wa dansi ni ufundi kamili kama uashi, useremala au uuguzi. Tunazidharau kwa kuwa hufanyika usiku. Na kwa sababu tunazidharau, wanaozifanya usiku hudhulumiwa mchana kweupe na hakuna anayewasemea.

Najua watakaoniruka. Watasema, "Ala! Huyu anataka kutupeleka baa." La hasha. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inamkataza mwenye leseni kumruhusu aliye chini ya miaka 18 kuingia panaponywewa pombe, na mimi mwenyewe miaka hiyo sijaifikisha. Simwiti mtu disko. Ninalouliza ni hili: ukimaliza shule ukapewa bisibisi, utamfanyia nani kazi, na atakulipa?

Muhula uliopita mwalimu wetu wa mwongozo na ushauri alitusomea orodha ya kazi. Udaktari, uhandisi, uanasheria, ualimu, ukulima. Mwenzetu mmoja akainua mkono akasema angependa kuwa fundi wa sauti. Darasa likaangua kicheko mpaka vioo vya madirisha vikalia. Mwalimu hakucheka, nampa heko, lakini naye hakuwa na la kumwambia kwa sababu karatasi yake haikuwa na neno hilo. Yule mwenzetu akakaa chini, na tangu hapo akiulizwa husema anataka kuwa mhasibu. Hesabu zenyewe hazipendi!

Basi wacha niwape kisa ambacho kila mwanachama wa chama cha Kiswahili angepaswa kukijua, maana ndani yake mna neno la Kiswahili lililosafiri mbali. Nchini Zimbabwe kuna muziki wa dansi unaoitwa sungura. Ndiyo, sungura yuleyule wa hadithi za bibi. Wazimbabwe hawasemi Kiswahili, wamelipata wapi? Walilipata kwenye santuri. Katika miaka ya 1970 alikuwako Mkenya aitwaye Phares Oluoch Kanindo, ambaye hakujulikana kwa gitaa wala kwa koo lake. Alijulikana kwa kuwatafuta wapigaji wa benga, kuwarekodi, kutoa santuri zao na kuzisambaza, hata zikafika kusini mwa Afrika. Miongoni mwa lebo za santuri hizo ilikuwako moja iliyoitwa Sungura. Watu wa huko walipozipenda, muziki wenyewe wakauita kanindo, yaani waliuita kwa jina la mtu aliyewaletea! Baadaye vijana wao walipounda mtindo wa kwao, neno sungura likabaki, na linatumika mpaka leo.

Fikiri hilo kidogo. Mpigaji gitaa aliyetoka jasho studioni huenda kule hatajwi. Anayetajwa ni mtu wa kubeba makasha ya santuri na kuandika barua kwa wauzaji. Kwa kawaida huwa kinyume chake, nami sisemi kwamba ni haki mpigaji asahauliwe. Ninachosema ni kwamba bila mtu kama Kanindo benga ingebaki ikichezwa kwetu, nasi tusingekuwa na la kujivunia Harare.

Na wale wapenzi wa rege, ambao katika bweni letu hawahesabiki, je, mnamjua Osbourne Ruddock wa Kingston, Jamaika? Hamumjui. Lakini King Tubby mnamjua, walau kwa jina. Ni mtu huyohuyo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza redio na amplifaya. Hakuwa mwimbaji. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 aliketi mbele ya miksa yake, akachukua nyimbo zilizokwisha kurekodiwa na wengine, akatoa sauti ya mwimbaji, akaacha besi na ngoma, akatia mwangwi, kisha akairudisha sauti ghafla kama mtu anayefungua mlango. Hiyo ndiyo dabu. Aliuawa mwaka 1989 karibu na nyumbani kwake, lakini ujanja ule wa kuicheza miksa kama chombo cha muziki umeenea katika muziki wa disko wa dunia nzima. Fundi redio, jameni! Yule ambaye kwetu hukaa kibandani sokoni, nasi humpita bila hata kumwambia shikamoo.

Sasa nije nyumbani. Nina binamu, mwana wa mama mdogo, ambaye ni fundi wa mitambo ya muziki. Nimemhoji kwa ajili ya makala haya, nikamchosha kwa maswali, naye hakukasirika. Alinieleza siku yake ya Jumamosi ilivyo, nami naieleza kama alivyoisema.

Mchana saa sita wanapakia lori. Spika za besi ni nzito, mbili zinataka wanaume wanne na matusi kidogo. Wakifika, jambo la kwanza si muziki bali umeme. Anapima volti, anatazama kama waya wa ardhini upo kweli au umechorwa tu ukutani, na kama ni jenereta anahakikisha imeungwa na ardhi. Mwimbaji akishika kipaza sauti cha chuma huku umeme unavuja, hataimba. Atatetemeka, na watazamaji watadhani anacheza. Binamu yangu hilo halimchekeshi hata kidogo. Ameona mpigaji besi akirushwa chini.

Kisha spika. Hapa nawaomba wenzangu wanaosinzia katika somo la Fizikia wafungue macho. Spika mbili za omu 8 ukiziunga sambamba zinakuwa mzigo wa omu 4. Ukiongeza nyingine mbili, omu 2. Amplifaya ambayo haikutengenezewa omu 2 itavuta mkondo kupita kiasi, itapata joto, itanyamaza katikati ya wimbo au itoe moshi. Swali hilihili tuliletewa katika mtihani wa majaribio, likatushinda wengi. Yeye hulijibu gizani akiwa amepiga magoti, tochi ya simu mdomoni.

Kuna na jambo la kuchelewesha sauti, ambalo mimi lilinifurahisha kuliko yote. Sauti husafiri hewani mita 340 hivi kwa sekunde. Uwanja ukiwa mrefu, wanaweka spika nyingine huko nyuma, tuseme mita 68 kutoka jukwaani. Umeme unafika kwenye spika hiyo papo hapo, lakini sauti ya jukwaani inapita hewani na inachukua sekunde 0.2 kufika. Aliyesimama pale atasikia kila neno mara mbili, kama mtu anayekemewa na wazazi wawili. Kwa hiyo fundi hugawa 68 kwa 340, kisha huiambia mashine iicheleweshe ile spika ya nyuma kwa sekunde 0.2. Ndipo wote wanacheza kwa hatua moja. Nani alisema kugawa hakuna faida maishani?

Na ule mlio unaotutoboa masikio kila Siku ya Wazazi, mwalimu mkuu anapoanza hotuba? Tunamlaumu shetani bure. Kipaza sauti kimetazama spika. Sauti inatoka kwenye spika, inaingia kwenye kipaza, inakuzwa, inatoka tena, inaingia tena, mpaka inakuwa yowe. Sogeza spika mbele ya anayezungumza, basi. Nimelisema hili hapa kwa maandishi ili Siku ya Wazazi ijayo pasiwe na kisingizio.

Muziki unaanza usiku. Yeye husimama kwenye miksa hadi alfajiri, macho kwa bendi, masikio kwa ukumbi. Ukumbi mtupu huvuma na ukumbi uliojaa watu humeza sauti, kwa hiyo alichopanga saa kumi jioni hakifai tena saa sita usiku. Gitaa la rumba likizama asilione, wachezaji wanaketi. Wao hawajui kwa nini wameketi. Wanasema tu bendi imechoka. Asiyejua kucheza husingizia ngoma, lakini safari nyingine ngoma yenyewe ndiyo mbovu, na wa kuiponya ni mtu mmoja tu.

Wengine waliomo humo nitawapitia kwa haraka: wa taa, anayechora tangazo, meneja wa bendi anayebishania malipo, dereva wa lori, DJ anayeanza kucheza ukumbi ukiwa na watu saba, na mabaunsa. Hawa wa mwisho tunawaona kama misuli tu. Binamu yangu asema baunsa mzuri hapigani, huzungumza. Anayepigana kila wiki hajui kazi.

Watu wazima husema starehe ya usiku haijengi nchi. Ningewaomba waitazame Nairobi ya zamani. Orchestra Super Mazembe walitoka Kongo wakafika Nairobi mwaka 1974. Les Mangelepa wakaanzishwa hapohapo mjini mwaka 1976 na wanamuziki waliotoka katika bendi ya Baba Gaston. Walikuja kwa sababu mji ulikuwa na studio, mitambo ya kuchapa santuri, na kumbi za kupigia. Kumbi hizo zililisha watu wengi ambao hawakuwahi kushika maikrofoni. Klabu ya Starlight, ambayo wazee wetu huitaja kwa sauti ya chini mama akiwa karibu, haipo tena. Mahali pake pamesimama jengo la Integrity Centre, makao ya tume ya kupambana na ufisadi. Palipohesabiwa hatua za rumba sasa panahesabiwa mafaili.

Nafika sasa penye uchungu. Desemba moja binamu yangu na wenzake watatu walifanya kazi siku nne mfululizo katika hoteli moja mjini. Walipewa nusu ya pesa. Nusu nyingine waliambiwa waifuate Januari. Januari meneja alikuwa likizoni, Februari alikuwa mwingine, na huyo mpya akauliza, "Mkataba wenu uko wapi?" Hawakuwa na mkataba. Walikuwa wamepeana mikono tu. Pesa hiyo haijalipwa mpaka leo, na mdogo wake alikaa nyumbani wiki tatu kwa ajili ya karo. Angekuwa fundi bomba, hoteli ingeogopa kwamba maji yatakatika. Lakini muziki ulikwisha kuchezwa, watu wakaenda kulala, nani atamrudishia mwenye hoteli kelele zake?

Studioni nako mambo si mepesi. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamtambua mtunzi wa wimbo, inamtambua mwimbaji au mpigaji, na inamtambua mtayarishaji wa rekodi. Ukiisoma vizuri utaona kwamba huyu wa tatu ni yule aliyefanya mipango ya rekodi hiyo kupatikana. Mara nyingi huyo ni mwenye pesa. Fundi aliyekesha akilainisha sauti na kubuni mdundo unaotuinua vitini huenda asiwe hata mmoja wa hao watatu. Kama hakuandikishana na mtu, wimbo utapigwa redioni miaka na mikaka, mrabaha ukimpita mbele ya mlango kama gari la abiria lililojaa.

Ndiyo maana mimi nawasifu vijana wa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mkumbuke nyimbo za Ogopa Deejays, na zile za Calif Records ambako Clemo ndiye aliyekuwa akitengeneza midundo ya genge. Kabla mwimbaji hajatulia, ulikuwa ushasikia jina la studio! Wapo waliokasirika, wakisema hayo ni majivuno. Mimi naona ilikuwa akili. Kama hakuna atakayekutaja, jitaje. Watoto wa mtaani waliozaliwa miaka hiyo wanayajua majina ya studio hizo kama wanavyojua majina ya timu za kandanda.

Jambo jingine ambalo vijana tunalidharau ni masikio. Kanuni za kazini za hapa Kenya za mwaka 2005 hazitaki mfanyakazi akae kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa saa nane. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani ni wakali zaidi: wanasema desibeli 85 kwa saa nane, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unapungua nusu. Hebu piga hesabu. Desibeli 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja, 97 ni nusu saa, 100 ni dakika kumi na tano. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2022 lilitoa mwongozo kwamba kumbi za muziki zisipitishe wastani wa desibeli 100. Mcheza dansi atatoka nje apunge upepo. DJ na fundi hawatoki, wamo humo saa tano, saa sita, wiki baada ya wiki. Binamu yangu ana miaka thelathini na mmoja, na ukimwita kutoka upande wa kushoto hageuki. Alianza kutumia vizibo vya masikio mwaka juzi. Mafundi wenzake walimcheka, wakamwita mzee.

Mimi ni msichana, na nilipomwambia mama kwamba kazi hii inanivutia alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, na kurudi nyumbani je?" Hakuniuliza kuhusu pombe wala uhuni. Aliuliza jambo la maana kuliko yote. Mwanaume anayemaliza kazi saa kumi usiku huvizia matatu ya kwanza. Msichana je, atangoja wapi na nani? Sijui ni hoteli ngapi zinazowasafirisha wafanyakazi wao hadi nyumbani, lakini najua kwamba anayeandika mkataba anaweza kuiandika gari ndani yake. Mama nilimjibu hivyo. Alisema, "Basi soma kwanza uujue huo mkataba." Hapo hatukuelewana wala hatukukosana.

Tunafundishwa wapi, basi? Taasisi ya Mawasiliano ya Umma, KIMC, ilianza mwaka 1961 kwa kuwafunza mafundi wa utangazaji, na utangazaji na ukumbi ni ndugu. Santuri ya Nairobi ilifungua mafunzo yake ya muziki wa elektroniki mwaka 2021. Homeboyz nao wamewafunza ma-DJ kwa miaka mingi. Milango ipo, tatizo ni kwamba hapa shuleni hakuna anayetuonyesha. Sisi tuliobaki katika 8-4-4 tunaondoka, lakini wadogo zetu wa mtaala mpya wamewekewa njia tatu katika sekondari ya juu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Nawauliza walimu, fundi wa sauti aingie njia gani? Omu na sekunde 0.2 ni za njia ya kwanza. Kujua kwamba gitaa la rumba limezama ni kwa njia ya tatu. Na mkataba bila shaka umo katika ya pili! Nahofia kwamba mtoto wa aina hii ataambiwa achague mguu mmoja na kuukata mwingine.

Naomba mambo mawili, wala hayana gharama. Mwalimu wa Fizikia atuazime amplifaya ya ukumbini Jumamosi moja, tuifungue tuione tumbo lake, badala ya kuchora sakiti ubaoni mwaka mzima. Na katika ratiba za tamasha la muziki na drama, ambako tunaandika jina la mwalimu, la mtunzi na la mgeni wa heshima, iandikwe pia: mitambo, fulani, taa, fulani. Vijana wa Kidato cha Pili waliosukuma zile spika kutoka kantini hadi uwanjani mwaka jana hawakuandikwa popote, hata soda waliipata baada ya wageni kuondoka.

Kwa upande wetu wa chama, katibu amekwisha kumwandikia barua binamu yangu aje kuzungumza nasi muhula ujao, siku ya vyama. Amekubali. Ameomba apewe spika moja mbovu ya kuonyeshea, na asiambiwe aje saa mbili asubuhi, kwani wakati huo ndipo yeye anapovua viatu. Mwenye maswali ayatie katika sanduku la chama lililoko nje ya maktaba. Na tafadhali, atakayekuja akae upande wake wa kulia.